Choo cha Riba

Jioni ile ya Jumatatu tulikaa uani kwa Kulthumu tukisubiri habari ya mwezi. Redio tuliiweka dirishani, na simu ya nyumba tuliivuta na waya wake mpaka kizingitini ili tusiikose ikilia. Mtaa wetu mzima wa Chatsworth, hapa Durban, ulikuwa unasubiri mwezi wa Idi, lakini wenzetu walitaka kujua kama waweke nyama ya biriani usiku ule au kesho yake. Sisi wawili tulitaka kujua kama Bi Rabia atafungua mlango asubuhi.

Asipofungua kabla ya saa tisa na nusu alasiri ya Jumanne, watoto wetu wa kike wangekosa choo, na Kulthumu angebaki na deni jipya bila kazi ya kulilipia.

Kulthumu alizaliwa Bluff, upande wa bahari, katika ile jamii ambayo Durban huiita Wazanzibari. Alikuwa mtoto mdogo serikali ya makaburu ilipowapakia kwenye malori na kuwaleta Chatsworth. Kwa miaka ishirini na miwili alishona kola za mashati ya shule kiwandani, kola tu, hajawahi kushona mkono wala mfuko. Mumewe alipougua, alilipia hospitali kwa kadi ya mkopo. Mume akafa mwaka tisini na nne, deni likabaki. Kila mwezi alilipa, na kila mwezi karatasi ya benki ilipokuja deni lilikuwa palepale, kama mtu anayechota maji kwa pakacha.

Mimi nilitoka Tanga mwaka tisini na tano kumfuata mume wangu, Ameir, anayeziba matairi. Nimesoma mpaka darasa la saba. Barua ya benki ikiingia nyumbani, huiweka juu ya kabati bila kuifungua. Lakini Kulthumu ndiye aliyenipokea mtaani, akanifundisha teksi ipi, yaani daladala za huku, inakwenda wapi na buchari ipi haipunji mizani ya nyama. Basi mambo yake yakawa yangu.

Jambo lenyewe lilianzia madrasa. Ukumbi wetu wa msikiti una choo kimoja, cha wanaume, pale wanapotawadhia. Wasichana wakibanwa huvuka barabara kwenda choo cha uani kwa Bi Rabia, mke wa mwenyekiti wa kamati. Binti yangu Mishka, miaka tisa, aliacha kunywa maji siku za madrasa ili asivuke ile barabara. Mwezi wa tano akaugua kibofu. Daktari aliponiuliza, "Mama, huyu mtoto hanywi maji?" nilitamani sakafu inimeze.

Tulikwenda kwenye kamati. Mwenyekiti, Mzee Suleman, akatuambia hela hakuna, mwakani inshallah. Ilikuwa mara ya tatu kusema mwakani.

Mwezi wa saba kiwanda kikapunguza watu, Kulthumu akiwemo. Alipewa kiinua mgongo cha rand elfu kumi na mbili, karibu sawasawa na deni lake. Nilidhani atalilipa apumzike. Akaniita jikoni, mezani ameweka barua na kadi mpya aliyokuwa ameiomba wakati bado yuko kazini.

"Mama Mishka, sikiliza. Hii benki mpya inalipa deni langu lote kule kwa ile ya zamani. Halafu mimi nitadaiwa na hii. Six months, hakuna riba hata senti moja."

"Kwa nini? Wana undugu na wewe?"

"Undugu wapi! Wanajua nitasahau. Wanajua siku ikifika sina hela, ndipo watanikaba. Sasa mimi hela ninayo. Twelve thousand. Ningeweza kuilipa leo." Akakunja barua. "Silipi."

"Eish, Kulthumu."

"Silipi leo. Kila mwezi nitawapa kile kidogo wanachotaka, nitakipata kwenye cherehani. Hela yenyewe naiweka benki, izae miezi sita. Wanatoa asilimia kumi na nane sasa."

Ni kweli, mwaka ule riba zilipanda mpaka watu wenye nyumba za mkopo wakawa wanapiga hesabu kwa sauti ndani ya teksi. Lakini mimi sikuogopa hesabu, niliogopa jingine.

"Hiyo si riba?"

"Ni riba. Nani kasema ni asali?"

"Na utaila?"

"Haipiti kooni mwangu. Itajenga choo."

Hapo nikamwelewa. Huku kwetu Waislamu wakikuta benki imewaongezea riba kwenye kitabu, hawaili wala hawaihesabu sadaka. Wanaitoa mikononi mwao, na wengi huitia kwenye vyoo. Kulthumu alipiga hesabu ya miezi sita akapata elfu moja na kidogo: matofali, saruji, sinki la choo, bomba na mlango. Fundi angekuwa mwanawe.

Nikamwambia barua ina meno. Imeandikwa chini, kwa herufi za kutafuta na miwani, kwamba siku moja ikipita bila deni kumalizwa, watahesabu riba tangu siku ya kwanza, asilimia ishirini na sita. Akasema ameisoma mara nyingi kuliko mimi.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo naliona la ujasiri na la hatari pia. Alifungua ile akaunti kwa majina matatu, kama inavyofunguliwa ya chama cha mazishi: la kwake, la kwangu na la Bi Rabia. Hela haitoki mpaka watu watatu wasimame kaunta na vitambulisho vyao, na taarifa itolewe siku thelathini na mbili kabla.

"Hela yako mwenyewe unaifungia kwa funguo za watu?" nikamuuliza.

"Nikifa kesho wanangu wasije wakaila. Na Suleman asije akasema nilijengea tumbo langu. Mkewe atakuwa shahidi."

Bi Rabia alitia saini. Ni mwanamke wa maneno machache. Nilidhani alikubali kwa aibu.

Habari zilipomfikia Mzee Suleman, alimngoja Kulthumu nje ya ukumbi, mbele ya watu. Ni mtoto wa mjomba wake, kwa hiyo hakuna aliyemwogopa mwenzake.

"Kulthumu, riba inayotolewa ni ile iliyokuangukia. Wewe umeipanda kama mahindi!"

"Miaka minne benki inanikata riba na wewe unaniona. Hukuniita mbele za watu. Kukatwa ilikuwa halali, leo narudisha kidogo ndiyo macho yamekufunguka?"

"Hela hiyo haiingii msikitini."

"Nani kasema iingie msikitini, mtoto wa mjomba? Inaingia chooni."

Watu walicheka mpaka wazee wakageuka ukutani. Kulthumu mwenyewe hakucheka. Tangu siku ile vijana wakampa jina la Mama Choo. Alipoona sinki la bei nafuu kwenye duka la vifaa, akalinunua kwa hela ya mapazia aliyoshona, akalitua uani kwake mbele ya kila mpita njia. "Mama Choo, benki imefika?" walikuwa wakimwita. Naye hujibu, "Imefika, njoo uikalie!"

Miezi ikaenda. Kila tarehe ya kulipa nilikuwa nakwenda kumuuliza, "Umelipa?" naye ananionyesha risiti kama mtoto anayemwonyesha mwalimu daftari. Hakukosa hata mara moja. Kosa letu lilikuwa jingine.

Kabla ya Ramadhani tulikwenda benki wote watatu kutoa ile taarifa. Kulthumu aliangalia kalenda ya buchari, ambayo imechapwa Idi kwa wino mwekundu, siku ya Jumatatu. Tukapanga: Jumatatu Idi, Jumanne tunatoa hela, tunalipa, na Jumanne hiyohiyo ndiyo siku ya mwisho ya miezi sita. Lakini sisi hatufungi kwa kalenda, tunafunga kwa jicho. Mwezi wa Ramadhani huku ulionekana siku moja baada ya kalenda. Na Bi Rabia alikuwa ameingia itikafu siku kumi za mwisho, katika chumba chake cha uani, kama wanavyofanya majirani zake wa Kihindi. Mtu wa itikafu hatoki mpaka mwezi wa Idi uonekane, ila kwa haja. Jumatatu tuliyodhani ni Idi ikawa siku ya ishirini na tisa.

Ndiyo maana tulikuwa tumezikodolea macho redio na simu.

Mawingu yalikuwa yamefunika upande wote wa magharibi. Saa mbili usiku ikapigwa, saa tatu kasoro. Redio ikasema ripoti za Cape, ambako jua huchelewa kuzama, zinasubiriwa. Nikamuuliza Kulthumu kama ameogopa.

"Nimeogopa," akasema. "Lakini wanaonicheka hawatajua."

Kisha mtangazaji akasoma taratibu: mwezi haukuonekana. Kesho ni kufunga. Idi ni Jumatano.

Nililia. Nasema kweli, nililia kwa ajili ya deni la mtu mwingine. Kulthumu alizima redio, akaenda kulifunika sinki kwa gunia, maana mvua ilikuwa inaanza.

Asubuhi saa mbili alinigongea. Alivaa baibui la kutokea na mkononi ana bahasha ya benki. Tukavuka barabara.

Mzee Suleman alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya mlango wa chumba cha uani, tasbihi mkononi. Hatua nne kutoka pale ndipo kilipo kile choo chao.

"Leo ni thelathini," akasema kabla hatujasalimia. "Mtu yuko na Mola wake. Rudini."

"Sikuja kumtoa. Nimekuja kumwambia."

"Na wewe, Mama Mishka? Mgeni wa watu, umefuata nini hapa?"

Nikasema, "Nimefuata choo, Mzee."

Kulthumu alisogea mpaka karibu na mlango. Hakuinamisha kichwa wala hakulegeza sauti.

"Bi Rabia, ni Kulthumu. Benki inafungwa saa tisa na nusu. Ukikaa, umekaa kwa ajili ya Mungu, na mimi sina kinyongo. Deni ni langu, nitashona mpaka liishe, na choo nitajenga hata kwa miaka mitano. Lakini usije ukasema hukuambiwa."

Tulisikia msahafu ukifungwa, au nilidhani ni msahafu.

"Mmepata jibu," Mzee Suleman akasema. "Mwakani, inshallah."

"Mwakani imezeeka, Suleman. Itafutie mke," Kulthumu akajibu, wala hakuondoka. Alisimama palepale, bahasha kifuani. Mimi nikasimama nyuma yake. Tasbihi ya Mzee ikawa inakwenda mbio.

Ufunguo ukazunguka.

Bi Rabia alisimama mlangoni amevaa nguo nyeupe, amepauka kwa kukosa jua. Begani ana mkoba. Mkononi ana kitambulisho chake cha kijani, na nikajua hakukichukua dakika ile.

"Rabia!" mumewe akainuka. "Itikafu yako!"

"Nitailipa, Baba Fazel. Siku iliyokatika hulipwa." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Siku zote hizi ruhusa yangu ya kutoka ilikuwa moja tu, kwenda haja. Na kila usiku wa tarawehe nikitoka, nakuta foleni ya watoto wa watu mbele ya choo changu, wamebana miguu. Mimi nikikatisha, nina siku ya kulipa. Wao walipe nini?"

Mzee Suleman alitazama kiti chake. Kilikuwa bado katikati ya njia. Bi Rabia alingoja, hakukizunguka, mpaka mumewe mwenyewe akakivuta pembeni.

Akatoka. Mlango aliuacha wazi nyuma yake.