Mlango Usifungwe Kimya Kimya

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilijipigia makofi peke yangu ofisini, hapa hapa Geita mjini. Usicheke. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka kuvizuia vivinjari vyote vya zamani, zile programu za kufungulia mtandao, visifungue tena tovuti ya kliniki, na nilijiona kama nimeua simba.

Sasa mnaniita mzee, nami hata hamsini sijaigusa. Sawa tu, nimekubali. Kazi hii ya kompyuta humzeesha mtu upesi. Lakini jana uliponiambia hapa kazini, "Mama Kabula, hivi vivinjari vya zamani tuvikatae leo leo, vinatuchelewesha," moyo ulinipiga pa! Vuta kiti nikusimulie.

Enzi hizo naitwa Leticia tu, Kabula hajazaliwa. Kliniki ile ilikuwa ya watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu unaowauma mifupa mpaka wanalia bila sauti. Dawa zao zilikuwa zinakuja kwa kusuasua, na wazazi walitoka mbali, wengine wanafika na kuambiwa hakuna kitu, rudini. Muuguzi mkuu, Mama Shija, mama mmoja mnene wa Tinde mwenye macho yasiyodanganyika, ndiye aliyeniomba nitengeneze tovuti. Kila mwezi nilikuwa naweka tarehe ya kliniki. Akawafundisha wazazi sheria moja: ukiiona tarehe, njoo, usipoiona, baki nyumbani, dawa hazijafika. Wakaishika kama sala.

Vivinjari vya zamani vilinichosha kweli. Kila kitu nilikitengeneza mara mbili. Tena vilikuwa na matundu ya usalama, na mle ndani mna majina ya watoto wa watu. Kwa hiyo sababu zangu zilikuwa za kweli, kama zako. Kufunga hakukuwa kosa, mwanangu.

Kosa lilikuwa namna nilivyofunga. Sikumwambia mtu, hata Mama Shija. Kwa watakaozuiwa niliacha ujumbe mmoja wa Kiingereza, nimeunakili mahali, unaowaambia watafute kivinjari kipya. Mimi nilikuwa na simu kubwa ya kioo, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wala haikunipitia akilini kwamba kuna simu ambazo hazipokei kivinjari kipya hata ukizibembeleza.

Siku ya kliniki ikafika, ikapita. Wiki moja baadaye akaingia mama mmoja kutoka Nkome, kule ziwani, mgongoni amembeba binti yake wa miaka sita, Minza. Mtoto amekakamaa, midomo imekauka. Nilikuwa pale dirishani narekebisha kompyuta ya mapokezi, nikayasikia yote.

"Mama Minza," Mama Shija akamuuliza huku anampokea mtoto, "mbona siku ya kliniki hukuja? Dawa zilikuwepo!"

"Sikuiona tarehe, Mama. Nimefungua simu kila asubuhi. Nikamwambia mwanangu dawa hazijafika, tuvumilie."

Akatoa simu yake, ya vitufe, imefungwa mpira ili mfuniko usidondoke. "Yanatoka haya maandishi ya Kizungu tu."

Nikayatambua. Yalikuwa yangu. Yule mama alikuwa ametii sheria tuliyomfundisha sisi wenyewe, na kwa kutii huko mtoto wake alikaa bila dawa.

Mama Shija hakunigombeza mbele ya watu. Alishughulika na mtoto mpaka maji yakaanza kuingia mshipani, maumivu yakapungua, akalala. Ndipo akaniita kwenye benchi la nje.

"Leticia, kwenu mna ngitili?"

Nikasema hapana, kwetu si wafugaji.

"Sisi kwetu tunayo. Ni malisho tunayoyafunga wakati wa masika, mifugo isiingie, ili kiangazi ng'ombe wapate kula. Kufunga ni lazima, usipofunga mtakufa njaa wote. Lakini baba yangu alikuwa anapita kwanza kila kaya, anasema siku fulani tunafunga. Siku yenyewe ikifika anakaa pale njiani toka asubuhi, na kila mchungaji asiyejua anamwonyesha njia nyingine, mpaka wa mwisho apite. Wa mwisho ndiye anayefunga ngitili, si baba. Wewe umemwonyesha nani njia?"

Nililia, mwanangu, nililia kama mtoto mdogo, na yeye akaniacha nilie. Kisha akasema, "Haya, futa machozi. Mtoto akitoka hapa, utakwenda Nkome ukamwambie mama yake."

Minza alitoka siku ya nne, anatembea mwenyewe. Nami Jumamosi yake nikaenda. Nilimkuta mama yake mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, anaanika dagaa juu ya wavu. Nikampigia goti, shikamoo, kisha nikamwambia yote bila kona: ni mimi niliyefunga, na sikukufikiria. Halafu akanipa ncha ya wavu wake.

"Shika hapo, tuwageuze hawa kabla mvua haijaja," akasema. Tuligeuza mpaka mwisho. Hakuna msamaha nilioupata maishani ulionigusa kama ule.

Nilirudi nikatengeneza ukurasa mwepesi kwa ajili ya simu za zamani tu: tarehe ya kliniki kwa Kiswahili, herufi kubwa, hakuna jina la mtoto hata mmoja. Chini yake niliandika kwamba ukurasa utafungwa, na atakayekwama atuambie. Mama Shija na mimi tukawapigia wazazi mmoja mmoja. Waliobadilisha simu wakahamia kwenye tovuti mpya. Wasioweza tukawaandikisha wawe wanapigiwa. Kila wiki nilitazama ni simu ngapi za zamani bado zinafungua. Zikapungua, zikapungua, ikabaki moja. Kila asubuhi, moja. Niliijua ni ya nani. Tulishamwandikisha apigiwe, lakini mama yule wa Nkome alitaka kuiona tarehe kwa macho yake, na haki alikuwa nayo.

Nilikaa na ukurasa ule miezi mingi kwa ajili ya simu moja. Wenzangu walinicheka mpaka wakachoka.

Halafu asubuhi moja haikufungua. Kesho yake, kimya. Nikapiga simu, akilini nimeshamwona Minza kitandani.

"Mama Minza, kuna usalama? Mtoto mzima?"

Akacheka, nyuma yake nikasikia Minza anaimba. "Mzima kabisa! Kaka yangu kaniletea simu nyingine, tarehe naiona kule kupya. Funga tu, mwanangu. Mimi nimeshapita."

Nikafunga. Safari hii sikujipigia makofi, nilifuta macho.

Basi mwanangu, sikukatazi. Vya zamani vina siku yao ya kufungwa, na anayevibeba milele huwaumiza wengi. Lakini tangaza mapema, kwa lugha ya yule anayefungiwa. Mwonyeshe pa kupita, na kama hana pa kupita, mtengenezee. Usihesabu waliokwisha kuhama ukaridhika. Mtafute aliyebaki, umjue kwa jina, umngoje. Haraka haraka haina baraka, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mungu akupe mikono myepesi na moyo unaokumbuka. Siku utakapokuwa wewe ndiye wa mwisho njiani, na simu yako ndiyo kuukuu, akukutanishe na kijana atakayekaa akusubiri upite.

Haya, chukua orodha hiyo hapo mezani, ni namba za wenye simu za zamani. Anza kupiga.