Ufalme Mdogo na Kijiji Kilicho Chini ya Mtera

Taarifa ya msiba ilinikuta gereji, Kizota, fundi akiwa amelala chini ya gari langu. Jirani yangu wa miaka mingi, mama mmoja mwalimu mstaafu wa historia, ametutoka. Tumemzika kwenye makaburi ya Zuzu, mchana wa upepo na vumbi jekundu, na tangu siku ile nikifumba macho ninaona maji.

Ujanani alisoma Wales mwaka mmoja, akarudi na habari za Brycheiniog, ufalme mdogo wa milimani uliokuwapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mfalme wake alikuwa na makao juu ya kisiwa cha mawe na magogo, kilichojengwa kwa mikono ndani ya ziwa. Likaja jeshi la ufalme jirani wa Kiingereza, likakivunja, likamteka mke wa mfalme. Miaka ikapita, wenye nguvu wakaumeza ufalme wote. “Kimebaki nini sasa?” nilimuuliza. “Jina,” alisema. “Mji wa pale unalibeba mpaka leo. Na kipande cha nguo kilichotariziwa ndege, kilichotolewa kwenye tope la ziwa.” Nguo ile aliisimulia kwa upole, kana kwamba aliwahi kuishika.

Sababu niliielewa tulipokwenda kwenye bwawa la Mtera. Kijiji alichozaliwa kilifunikwa na maji ya bwawa. Walihamishwa akiwa mtoto, kaburi la mama yake likabaki kule, naye hakuwahi kurudi. “Naogopa nitakuta maji matupu,” aliniambia njiani.

Ukingoni tulimkuta mvuvi kijana akishona nyavu. “Shikamoo, mama,” alimwamkia mwalimu.

“Marahaba, mwanangu. Samaki mnawapata wapi siku hizi?”

Mvuvi akanyoosha mkono kuelekea katikati ya bwawa, akapataja. Lilikuwa jina la kijiji alichozaliwa mwalimu. Mwalimu akanishika bega.

“Mbona mnapaita hivyo?”

“Tumekuta panaitwa hivyo, mama. Wavuvi wote ndivyo tunavyosema.”

“Mama yangu amezikwa pale.”

Mvuvi akaweka nyavu chini, akavua kofia. “Pole, mama. Twende nikupeleke.”

Tulipofika akazima injini ya mtumbwi. Maji yalitulia, mawingu yakipita ndani yake. Mwalimu alitumbukiza mkono, akazungumza Kigogo kwa sauti ya chini, muda mrefu, kama binti aliyetoka safari anayempa mama yake habari. Alirudi ukingoni akicheka, machozi hayajakauka.

Mji wetu unapanuka, na wengi tumehamia kutoka mbali. Mashamba ya watu yamegeuka viwanja, viwanja vimepewa namba. Kwa mwalimu huyu nimejifunza jambo dogo: ukijenga nyumba yako mahali, mwulize uliyemkuta hapo panaitwaje. Kisha wafundishe watoto wako kupaita hivyo.