Makaburi Mawili ya Mama

Nyumbani kwetu Moshi mjini ilikuwa vigumu kufa peke yako, na vigumu zaidi kulia peke yako. Baba yangu na kaka zake wawili, Wahindi waliozaliwa palepale mjini, waliishi na wake zao na watoto wao katika nyumba moja ya ghorofa, duka la vitambaa likiwa chini. Juu ya wote alikuwa mama yao, ambaye sisi wajukuu tulimwita Dadima, na ambaye alitoa amri zote akiwa kitandani. Tulikuwa na choo kimoja kizuri na kingine kibaya. Asubuhi watu waligombana kwa Kigujarati, mchana wakapatana kwa Kiswahili. Wageni walikuwa wakicheka sana kwetu, na sisi wenyewe tulicheka, ila si kila siku.

Mama yangu alikuwa Mchagga wa Marangu. Alikuja dukani kama fundi cherehani, baba akampenda, mama akasilimu, wakaoana. Kwa mwaka mzima wa kwanza Dadima hakumsemesha ila kupitia mtu mwingine. "Mwambie huyo chumvi imezidi." Huyo mwenyewe amesimama hapohapo, mwiko mkononi. Mama alijifunza kuishi mle ndani kwa kukubali kila kitu. Dadima akitaka chapati nyembamba, mama husema haya. Wifi akitaka nene, haya. Wanasema njia mbili zilimshinda fisi, lakini mama alizipita zote mbili kila siku na chapati zikalika. Mimi nilikuwa nikimkasirikia kwa hilo. Nilitaka siku moja arushe sufuria.

Miaka ikaenda, Dadima akawa hali chakula mpaka mama awe ameonja chungu. Hilo hakulisema kamwe. Mama akienda kwao Marangu kusalimia, Dadima alilalamika tu kwamba nyumba nzima haijui kupika ndizi.

Mama alikufa asubuhi, hospitalini, kwa ugonjwa wa moyo, baada ya wiki nzima ya kutuambia anajisikia vizuri.

Mimi nilitaka jambo moja. Katika nyumba ya baba wanawake hawaendi makaburini. Wanaume hubeba jeneza, sisi tunabaki na vikombe vya chai ya wageni. Lakini kwao mama, huko Marangu, mtu huzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa, na watoto wa marehemu, wa kike kwa wa kiume, humwekea udongo kwa mikono yao. Nilitaka kumwekea mama yangu udongo. Sikutaka kingine.

Hata kumwosha sikupata. Wanawake walijaa chumbani, nikatumwa pamba, niliporudi mlango umefungwa. Ndani nilisikia wanabishana kama maji yawe ya vuguvugu au ya baridi. Nikagonga. "Tumejaa, mwanangu, subiri kidogo!" Nikasubiri. Mlango ulipofunguliwa, sanda ilikuwa imeshafungwa. Sebuleni simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na ndugu wa Kanada walikuwa wakilia humo kwa sauti kubwa, kisha wanaomba mtu aigeuze simu waone nani na nani amefika.

Ndipo mjomba alipoingia, kaka yake mama. Alikuja na pikapu iliyotandikwa majani ya migomba na wanaume wa kwao, mabuti yao yamejaa udongo mwekundu. Hakukaa.

"Shikamoo, mama," akamwambia Dadima.

"Marahaba."

"Nimekuja kumchukua dada yangu. Kaburi tumeshachimba."

Baba mkubwa akadakia. "Limechimbwa, ndiyo, hapa mjini. Tunamsalia adhuhuri. Maiti haikai."

"La kwetu nalo limechimbwa, mzee. Karibu na baba yake. Mwenyewe aliniahidi. Nilimwuliza tukiwa kihambani palepale, akasema haya, kaka."

Dadima akajiinua kitini. "Mimi ndiyo aliniahidi! Jikoni! Mimi nilimwambia, wewe utalala karibu yangu, nani mwingine mimi nitagombana naye huko? Akasema haya, Ma."

Nyumba ikanyamaza. Sikumbuki siku nyingine iliyonyamaza namna ile. Nilimjua mama yangu, na nilijua kwamba wote wawili wanasema kweli. Macho yakamgeukia baba, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi. Baba hajawahi kuamua hata rangi ya pazia. Akaficha uso akalia.

"Apelekwe Marangu!" nikapiga kelele. Nilipiga kelele kweli, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Lakini kelele zilikuwa zimesharudi. Wifi zake mama walikuwa wakilia, Kanada wanauliza kuna nini, jikoni sufuria ya presha imeanza kupiga filimbi. Hakuna aliyenisikia. Adhana ikaanza, wanaume wakainua jeneza.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atawazuia, na nilimwomba Mungu awazuie. Alilitazama lile jeneza mpaka likamfikia kifuani, kisha akainamisha bega akaingia chini yake. "Dada yangu habebwi na watu baki tu," akasema. Akateremka naye ngazi, yeye na wenzake, wakiacha udongo wa kaburi moja katika kila ngazi huku wakimpeleka kwenye kaburi jingine.

Mimi nikabaki na vikombe. Nilimchukia Dadima siku ile, na sioni haja ya kulipamba neno hilo.

Kesho yake mjomba akapiga simu. Wazee wa ukoo wamesema kaburi lililochimbwa haliachwi wazi wala halifukiwi tupu, kwa sababu litaita mwingine. Utazikwa mgomba badala ya mtu. Watu wa nyumbani kwa marehemu wanatakiwa wawepo.

"Hiyo si dini," akasema baba mkubwa.

"Wewe nyamaza," akasema Dadima. "Nani amekuuliza dini? Mimi nakwenda kutoa pole."

Kwa hiyo tukaenda wote, maana kwetu hakuna mtu anayekwenda mahali peke yake. Magari matatu, chapati, chupa za chai, kiti cha plastiki cha Dadima kimefungwa juu ya paa kwa kamba. Kufika Himo watu walikuwa wameshagombania dirisha, na gari moja lilikuwa limerudi nyuma kufuata dawa za presha.

Kihambani wanaume walikuwa wameangusha mgomba. Mjomba akaniita. "Simama hapa. Mama yako alikuwa kimo chako." Wakalisimamisha shina, nikasimama kando yake, akaweka panga juu kidogo ya kichwa changu, akakata. Mkewe akaufunga ule mgomba kwa blanketi zuri, akakaza kamba mahali ambapo pangekuwa miguu. Binamu yangu mmoja alianza kutabasamu, kisha akaacha. Ukateremshwa kaburini polepole, katekista wa kanisa lao akasali kifupi, wakaniita mimi kwanza.

"Njoo umwekee mama yako udongo."

Nikakataa. "Huo ni mgomba," nikasema. "Mama yangu yuko mjini." Nilisema kwa sauti ambayo sasa kila mtu aliisikia. Mjomba akatazama chini.

Dadima akanyanyuka kwenye kiti chake. Wajukuu wawili walimshika, akawasukuma. Akafika ukingoni, akainama kwa shida, akajaza udongo mkono wa kulia. Alikuwa mtu mzima sana, na nadhani hakuwahi kusimama mbele ya kaburi lililo wazi.

"Hii ya mume yangu," akasema, akatupa. Akainama tena. "Hii ya mtoto yangu, ile ya kwanza. Waliichukua, mimi sikuona walikoiweka." Akatupa. "Hii ya mama yangu. Mimi nilikuwa jikoni napika chai ya watu."

Baba mkubwa akataka kumfuata, baba yangu akamshika mkono. Mzee mmoja wa ukoo akavuta udongo kwa jembe akausogeza karibu na miguu ya Dadima, asiiname sana.

Akachota mara nyingine, akanyoosha mkono juu ya kaburi. Mkono haukufunguka. Akaendelea kuutazama mgomba ndani ya blanketi.

"Hii siwezi," akasema. Akanigeukia. "Hii ni ya kwako."

Akaufungua mkono wake ndani ya wangu. Nilikuwa bado na hasira naye. Udongo ulikuwa na unyevu na joto la kiganja chake. Nikageuka, nikamwekea mama.