Moshi wa Pikapu ya Rimoti

Mwanamume aliyetaka kumwoa dada yangu alikuja kwetu Mtoni na gari la kuchezea. Sisemi kwa mafumbo. Alikuwa mtu mzima mwenye duka la redio Kariakoo, anakwenda Dubai na kurudi, na siku hiyo alikuja kakumbatia boksi lenye picha ya pikapu inayoruka juu ya mchanga. Enzi zile kila kitu kilikuwa ruksa, na watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni juzi tu walikuwa sasa wanashindana kwa vitu ambavyo hata matumizi yake hawayajui. Jirani yetu mmoja alisimika dishi juu ya bati linalovuja. Huyu wetu akaja na pikapu.

Si ya betri, alitwambia, na alirudia kusema hivyo kila alipopata mtu mpya wa kumwambia. Ilikuwa na injini ya kweli, ndogo kama ngumi ya mtoto, yenye kabureta, plagi na kamba ya kuvuta ili iwake. Ilikunywa mafuta yake maalumu kutoka kwenye kopo, yenye harufu kali iliyoingia hadi jikoni na kumfanya mama afunike vyungu. Alidai kwamba alikopanga hakuna uwanja, akamwomba baba ruhusa ya kuiwashia mbele ya nyumba yetu. Baba akakubali. Nyumba nzima ilijua kwamba pikapu ni kisingizio, maana mwanamume hawezi kuja tu kukaa barazani kwa watu wenye binti.

Maelezo ya kuiwasha yaliandikwa kwa Kiingereza. Yeye aliyekuwa akisimulia Dubai kana kwamba kazaliwa huko akasema miwani kaisahau dukani. Sijapata kumwona na miwani, si kabla ya siku ile wala baadaye. Ikabidi dada yangu, ambaye alikuwa kamaliza kidato cha nne, asimame mlangoni na kumsomea, naye kachuchumaa chini na bisibisi mkononi, anaitikia kwa kichwa kama anayesahihisha mtihani.

Injini mpya haikimbizwi, dada alisoma. Pistoni na silinda bado hazijazoeana. Skrubu ya kabureta inalegezwa ili injini inywe mafuta kupita kiasi, itembee polepole huku ikitoa moshi mwingi mweupe. Moshi huo ndio salama yake, kwa kuwa ndani ya mafuta mna oili inayoilainisha. Tangi likiisha, injini inaachwa ipoe kabisa, kisha inawashwa tena, na hivyo hivyo mpaka izoee.

Basi akaipasha plagi moto, akavuta kamba. Akavuta tena. Alivuta mpaka shati likamganda mgongoni, na mimi ndani nikacheka mpaka mama akanifinya. Ilipokubali ilitoa mlio wa nyuki aliyekasirika, naye akaiongoza kwa rimoti, ikaanza kuzunguka uwanja taratibu huku ikifuka. Tangi likaisha, ikazimika.

“Sasa?” akauliza.

“Sasa unasubiri ipoe, kaka,” dada akamjibu.

Akakaa kwenye ukingo wa baraza, dada akabaki mlangoni, wakasubiri. Jioni baada ya jioni ikawa hivyo. Injini ilipokuwa inanguruma hawakuweza kusemezana, lakini ilipokuwa inapoa walizungumza, na kwa kuwa ilichukua muda kupoa, walizungumza mengi. Dada yangu alikuwa mkimya kupita kiasi. Kumsikia akimsimulia mtu jambo refu, tena huku anacheka, kulinishangaza hata mimi niliyelala naye chumba kimoja.

“Mwanaume anayeweza kusubiri injini ipoe, na mie atanivumilia,” aliniambia. Alikuwa kampenda. Nilimwambia kwamba kapenda muuza redio anayecheza na gari, akanirushia mto.

Siku ya posa ikafika. Kwetu binti haambiwi aseme ndiyo. Shangazi huingia chumbani, humuuliza, na akinyamaza, kimya chake ndicho kinachopelekwa barazani kwa wazee kuwa kakubali. Kwa dada yangu, kwa ukimya wake ule, jibu lilihesabiwa kuwa limeshatolewa tangu alipozaliwa. Pilau lilikuwa limeiva kabla hajaulizwa.

Washenga walikuja na kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Kiongozi wao alikuwa mjomba wa bwana harusi, dereva wa malori aliyestaafu, mtu asiyeweza kupita mahali bila kutoa maoni. Na bwana harusi, bila haya, akaibeba pikapu. Alitaka wazee waione kabla ya kupanda barazani. Akaiwasha, ikaanza kutembea polepole na moshi wake kama kawaida.

Mjomba akaziba pua kwa mkono wa kanzu. “Mwanangu, huko Dubai wamekuuzia mkweche. Hii ishakula ringi, injini imekwisha.”

Wazee wakacheka. Hapo lazima mtu aijue Dar ya wakati ule. Barabara zilikuwa zimejaa magari yaliyochoka huko yalikotoka, na gari likifuka nyuma, mji mzima ulijua kwamba mwenyewe kapigwa, kauziwa kibovu. Moshi ulikuwa aibu. Watu wazima wenye wajukuu walisimama mbele ya nyumba yetu wakimzomea mtu kwa moshi wa kitu chenye urefu wa mkono, na yeye, badala ya kuwaeleza, akatia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa bisibisi. Alikuja na bisibisi kwenye posa.

“Usiikaze, kaka,” dada akasema kutoka dirishani. “Bado changa.”

Alisema kwa sauti, mbele ya wazee, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Yule bwana aliinua macho, akamtazama, kisha akaisimamisha pikapu na kuikaza skrubu. Moshi ukakatika. Pikapu ikapiga ukelele, ikakimbia mpaka barabarani na kurudi, wazee wakapiga makofi, na makofi yalikuwa hayajaisha iliponyamaza ghafla na kujikita mchangani. Akavuta kamba, kamba haikuja. Injini ilikuwa imenoki, pistoni imeng’ang’ania ndani ya silinda.

“Nani alikuwa anakuelekeza?” mjomba akauliza.

“Bibie huyo wa ndani ndiye aliyekuwa ananisomea,” akasema, wala hakuangalia dirishani. “Kanisomea vibaya.”

Wazee wakacheka tena, wakapanda barazani kula.

Shangazi akaja chumbani, akaketi kitandani na kumshika dada mkono. “Mwanangu, kilichowaleta hawa unakijua. Unasemaje?”

Dada akanyamaza. Shangazi akangoja kidogo, kama desturi inavyotaka, kisha akatabasamu na kuinuka, tayari kupiga vigelegele.

“Kaa, shangazi,” dada akasema. “Hicho sicho kimya unachokitaka. Nilikuwa nalia tu. Kamwambie baba sitaki.”

“Kwa gari la kuchezea?”

“Alijua, shangazi. Nilimsomea, akaelewa, tukakaa tukaisubiri pamoja jioni zote zile. Leo wamemcheka kidogo tu, kaiua. Na alipoiua, kanitaja mie. Siku wakimcheka kwa ajili yangu, atanifanyaje?”

Shangazi akainuka tena. Alijifunga khanga upya, akatoka kulipeleka barazani neno ambalo hakuwahi kulipeleka. Kabla hajafika, tulimsikia mjomba mtu akiwaeleza wenzake, mdomo umejaa pilau letu, jinsi injini inavyouawa na moshi.