Matanga ya Shangazi Aliye Hai

Nilipofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo ili nikonde, nilimwambia Shangazi Nekesa peke yake. Walimu wenzangu wa Kitale wangenicheka, ati nimeshindwa kuacha chapati. Kwa hivyo nikaomba ruhusa kwa uongo: nimefiwa na shangazi huko Naitiri, Bungoma. Nilisahau jambo moja tu. Kwetu mwenzako akifiwa, humwachi alie peke yake.

Jumamosi nilikuwa jikoni kwa Shangazi, huko huko Naitiri, na kikombe changu cha supu, nimeridhika kabisa, sketi ikianza kunipwaya. Mara nikasikia wimbo wa maombolezo langoni. Walimu wote! Wamebeba sukari, majani chai na shada la maua.

Shangazi akawafungulia. "Karibuni. Kwani nani amekufa?"

Mwalimu mkuu akanong'ona, "Pole, mama. Tumekuja kumlilia shangazi yake mwalimu Nasimiyu."

"Si Nasimiyu ana shangazi mmoja tu, na ni mimi?"

Kisha Shangazi akaangua kicheko, akaita kwa sauti ya kusikika Bungoma nzima: "Wewe Nasimiyu uliyekatwa tumbo! Toka huko jikoni, watu wako wamekuja kunizika!"