Maji Yaliyotulia Kwenye Skrini

Kuna asubuhi moja ambayo bado naikumbuka, mdogo wangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Najua sina mvi za kukupa nasaha. Nilihitimu chuo juzi tu, na mwenyewe ni mtu wa kuwaza jambo moja mara kumi. Lakini kwa kuwa unakuja kufanya mafunzo ya vitendo hapa kiwandani, nisikilize.

Kiwanda chetu cha sukari, upande huu wa Mikumi, huendeshwa kwa mvuke wa boila. Vipimo vyote vya boila, maji, joto na presha, hupita kwenye kisanduku kidogo tunachokiita kadi ya mawasiliano. Kadi hupokea habari kutoka kwenye mtambo na kuzipeleka kwenye skrini za chumba tunachoongozea kiwanda kizima. Msimu ule mawasiliano ya kadi ya boila yalikuwa yanakatika mara kwa mara, maana vumbi la makapi ya miwa, ambayo ndiyo kuni za boila, lilikuwa limeingia kwenye kabati la kadi hiyo. Kila yakikatika, kengele inalia. Dawa ilikuwa kusafisha kabati na kuagiza kadi mpya. Meneja hakutaka. Alisimama nyuma ya kiti changu akasema, "Wewe si ndiye msomi wetu? Hizi kelele zinyamazishe."

Nami nikazinyamazisha. Nilipanga mfumo ili mawasiliano yakikatika, skrini ibaki na kipimo cha mwisho ilichopokea, na kengele isilie. Ilinichukua dakika chache, na nikasifiwa kikaoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mtambo mzima kwa sababu niliogopa kusema hapana.

Haikupita mwezi. Tulikuwa tumetoka kupokezana zamu ya asubuhi. Mzee Sefu, mwangalizi wa boila aliyebakiza miezi michache astaafu, aliniita kwa redio ya mkononi kutoka juu ya ngazi, penye kioo cha kuonyesha maji.

"Binti, maji yanashuka huku."

"Shikamoo mzee. Mimi naona nusu, tena yametulia kabisa."

"Marahaba. Yametulia mno. Maji ya boila huwa yanacheza."

"Labda kioo chako kina uchafu, mzee."

"Nimekisafisha mara mbili. Tena sikuulizi, nakuarifu. Nazima."

Akazuia makapi yasiingie kwenye moto, akazima boila. Kiwanda kikasimama, malori ya miwa yakapanga foleni hadi nje ya geti. Nilipofungua kabati, taa ya kadi ilikuwa nyekundu: mawasiliano yalikuwa yamekatika, na ile nusu niliyoiona ilikuwa kipimo cha zamani. Boila ikiishiwa maji huku moto unawaka inaweza kupasuka, mdogo wangu, na pale chini ilikuwepo zamu nzima ya watu.

Mchana tukaitwa kikaoni. Meneja akatangaza kwamba Mzee Sefu amezima mtambo bila ruhusa, na ataondolewa kazini. "Skrini inasema nusu, yeye anasema yanaisha," alisema. "Tuamini kompyuta au miwani ya Mzee Sefu?" Watu wakacheka. Walewale aliowaokoa asubuhi. Na mimi niliyejua ukweli nikainamia daftari langu, nikiwaza mkataba wangu, nikiwaza mama atasema nini, nikawaza mpaka kikao kikafungwa.

Jumamosi nilipanda basi hadi Kilosa, nyumbani kwake, kuomba radhi. Nilimkuta barazani akipukuchua mahindi. Nikamweleza yote, naye hakuinua macho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba. Nisamehe."

"Mimi nilijua tangu nikiwa juu ya ngazi. Umetoka Mikumi kuja kumwambia anayejua, ukawaacha wasiojua. Habari imekufikia, umeikalia. Hiyo kadi yako ilifanya nini zaidi ya hapo?"

"Watanifukuza, baba."

"Huenda. Mimi wameshanifukuza, na bado napukuchua mahindi. Kunywa chai uwahi basi."

Jumatatu nilisimama mbele ya meneja na wenzangu wote. Nilifungua kumbukumbu za mfumo, nikawaonyesha saa mawasiliano yalipokatika, na jina langu kwenye badiliko nililolifanya. Mzee Sefu akarudishwa kazini. Mimi nikapewa barua ya onyo, na ni haki yangu. Lakini meneja hajamwomba mzee radhi mpaka leo, wala waliocheka hawajamwomba. Mtu amewaokoa roho zao, wao wanakumbuka kwamba alichelewesha miwa. Hilo linaniunguza.

Basi shika haya. Mawasiliano yakikatika, acha skrini iseme haijui, kwa sababu asiyejua huinuka akaenda kutazama, na aliyedanganywa hubaki amekaa. Mkubwa akikuagiza unyamazishe kengele, mwulize kwanza inalilia nini. Akishikilia, akuandikie agizo hilo kwa mkono wake. Aliye karibu na mtambo akikuita, usimjibu ukiwa kitini. Na ukikosea, ungama pale kosa lako linapomuumiza mtu. Kuungama kwa yule ambaye unajua atakusamehe ni kujitafutia usingizi tu.

Mungu akujalie wazee wasiokuonea haya, akuepushe na sifa za bure, na kila atakayeingia katika zamu yako arudi kwao kwa miguu yake mwenyewe.