Sumaku Chini ya Kanzu

Nyumbani kwetu Bel-Air kulikuwa na sheria moja juu ya mdogo wangu wa kike: akianguka, mtu asimguse. Mama aliitoa sheria hiyo kwao Pweto, na majirani waliijua bila kufundishwa. Povu la kifafa linaambukiza, walisema. Kwa hiyo alipoanguka tulisogeza viti na ndoo, tukasimama ukutani, tukangoja amalize. Halafu mama alimfuta kwa taulo lake la peke yake. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nimechora neva ubaoni mpaka vidole vikauka kwa chaki, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba kifafa hakiambukizi. Nikirudi nyumbani, nilisimama ukutani pamoja na wengine.

Dawa alimeza za kila rangi. Zilimpa usingizi, hazikumpa nafuu. Mwishowe kaka yetu anayefanya kazi Afrika Kusini alimwita huko, madaktari wakampasua kidogo chini ya mtulinga wa kushoto, wakamwekea mashine bapa kama biskuti, na uzi mwembamba unaopanda hadi kwenye neva ya shingo. Kaka alinieleza kwa simu, nami nikawaeleza wa nyumbani. Kwa mdogo wangu, kifafa karibu kila mara kilianza na moyo kuruka. Mashine ilikaa ikiusikiliza moyo. Ukiruka ghafla, yenyewe ilituma umeme kidogo kwenye ile neva, umeme ukapanda hadi kwenye ubongo kuzima moto kabla haujashika. Haikungoja mtu. Hilo ndilo lililonifurahisha, nakiri: haikutuhitaji sisi wa ukutani.

Alirudi na sumaku mbili. Moja aliivaa mkononi kama saa, nyingine niliibeba mimi. Ukiipitisha haraka juu ya mashine, inaongeza umeme. Ukiiacha imetulia hapo juu, mashine inanyamaza mpaka uiondoe.

Maanguko yakapungua. Wiki ikapita, kisha wiki tatu. Lakini kila mashine ilipofanya kazi, uzi ule uligusa pia mishipa ya sauti, na kwa muda wa kama dakika moja mdogo wangu alizungumza kwa sauti nzito, ya kukwaruza, ya mwanamume. Anaomba chumvi mezani, na katikati ya neno anakuwa mtu mwingine. Daktari alikuwa ametuonya. Kuonywa ni kitu kimoja, kukaa mezani na sauti ile ni kitu kingine.

Shangazi yetu wa Makomeno alikuwa na kikundi cha maombi, akakileta sebuleni kwetu Alhamisi moja mchana. Wanawake saba walimzunguka mdogo wangu wakapaza sauti na kupiga makofi. Moyo gani usingeruka? Mashine haikujua tofauti ya kifafa na shangazi. Iliona moyo unakimbia, ikatuma umeme. Wakati huohuo shangazi akamwinamia akamwuliza, "Weye iko nani?"

Mdogo wangu akajibu jina lake la ubatizo kwa sauti ile nzito. Wakasema kitu kilicho ndani yake kinadanganya. Mimi nilijua kila hatua ya jambo lile, ningeweza kulichora ubaoni, na bado miguu yangu ilinitoa nje mpaka kwenye lango la lupango, ua wetu. Naisikia sauti hiyo hadi leo ikitaja jina lake, ikijaribu kutueleza kwamba ni yeye.

Baada ya hapo mama hakutaka maelezo. Alimpigia kaka simu kutaka mashine itolewe, akamwambia, "Bamutoshe ile kintu. Mutoto yangu iko na sauti ya baba muzima." Kaka alibishana naye siku mbili. Wakakubaliana wangoje mpaka baada ya Jumapili ya Matawi, kwa sababu Jumapili hiyo mdogo wangu alikuwa amepangiwa kuimba Zaburi peke yake. Sauti ikitoka safi, mashine inabaki. Ikitoka ile nyingine mbele ya parokia nzima, inatolewa.

Alinijia nikisahihisha mitihani. "Yaya, mi nataka banisikie mara moya tu," alisema; yaya ndivyo kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake. "Nikiharibu ile Zaburi, mama atanitosha masini."

Daktari alikuwa amesema anaweza kuishika sumaku juu ya mashine kwa muda wa wimbo, kisha aiondoe. Lakini mtu akiimba Zaburi huku ameshika kifua, watu watauliza. Basi tukaibandika kwa sparadra, plasta ya vidonda, chini ya kanzu ya korali, ile ya waimbaji. Wazo la sparadra lilikuwa langu. Tulikubaliana kwamba misa ikiisha mimi nitamvuta pembeni na kuibandua. Yeye angekuwa na mengi kichwani.

Aliimba. Sina la kuongeza wala la kupunguza. Sauti ilipanda ikakaa juu bila kutikisika, na mama alilia waziwazi, hakutafuta hata kitambaa. Nje uani watu walimjia. Walimkumbatia. Wanawake waliokuwa wakiinua ndoo zao akianguka kisimani walimshika mashavu. Nilisimama hatua kumi hivi, nikamtazama anavyoguswa. Nikaona vibaya kumkatiza. Nikasema moyoni, nitaibandua nyumbani. Nyumbani kulikuwa na wageni, bukari ya kupika, ndio ugali wetu, na samaki wa kuchemsha, na nikasahau. Nimelitafuta neno jingine, silipati. Nilisahau.

Kishindo kilitoka chumbani kwake tukiwa tunanawa mikono. Nilifika wa kwanza. Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na kabati, kichwa kikigonga mguu wa kitanda, na kifua kimefungwa na kazi yangu. Nikapiga magoti. Kwa mara ya kwanza maishani nilimgusa akiwa ameanguka, na mkono wangu haukwenda kichwani. Ulikwenda chini ya kanzu. Mama alipoingia, sumaku na sparadra vilikuwa ndani ya ngumi yangu.

Anguko lile lilikuwa refu kuliko yote tuliyoyajua. Alikaa hospitali siku nne, akaamka hakumbuki chochote cha Jumapili ile. Hakukumbuka kwamba ameimba. Aliniuliza kama niliibandua sumaku. Nikamwambia ndiyo, pale uani, mara tu baada ya misa.

Kwa hiyo mashine ndiyo ikawa na hatia. Mama alisema Zaburi ilitoka safi, sawa, lakini anguko haikulizuia, inabaki kwa kazi gani? Mdogo wangu naye akakubali. Kaka akapanga tarehe ya kuitoa huko Afrika Kusini. Mtu mmoja alikuwa ameirekodi ile Zaburi kwa simu, na mama akawa anaipiga jikoni kila siku akisonga bukari. Mdogo wangu aliisikiliza akiwa mlangoni, uso umetulia, kama mtu anayemsikiliza mgeni. Mimi nilikuwa natoka nje.

Siku mbili kabla ya safari nilimweleza yote. Tulikuwa tunaanua nguo. Nilitaraji alie, au anipige, na ningeshukuru. Alikunja shuka kwanza.

"Masini ilikuwa muzima?" aliuliza.

"Ilikuwa muzima."

"Na miye niliimba muzuri?"

"Uliimba muzuri."

"Basi kila moya alifanya kazi yake," akasema, akachukua karai la nguo akaingia ndani.

Jioni ile alimwambia mama kwamba aliibandika sumaku yeye mwenyewe na akasahau kuitoa. Hakunitaja. Mama alimgombeza mpaka akakaukwa na koo, kisha akampigia kaka simu kufuta safari. Mashine ilibaki, na inafanya kazi. Mama amejifunza kuipitisha sumaku, na taulo lile amelichana kuwa matambara ya kupangusia meza. Nyumba inasema Mungu mkubwa, nami naitikia.

Hatujagombana hata mara moja. Ananipa chai, ananiuliza habari za shule. Ila siku hizi akihisi anguko linakuja, ananipita mlangoni, anaenda kumtafuta mama.